Pikipiki ya Marehemu Kajigili

Mliokaa huko nyuma, sogeeni. Habari hii nataka kila mmoja aisikie vizuri, maana mwisho wake nitawaachia ninyi.

Katika kijiji kimoja cha juu kabisa huko Rungwe, ambako mvua hunyesha mpaka nguo zinanuka uvundo kwenye kamba, waliishi watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Ambakisye alijua kutunza. Kitu kikikaa mikononi mwake hakiharibiki, kiwe jembe, kiwe redio. Ikupa alijua mafuta. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyepasua mbao msituni kwa msumeno wa injini, na aliweza kusikiliza mlio wa injini akakuambia ina kiu au imeshiba. Lwitiko, kijana wa bodaboda, alijua kuendesha. Mahali ambapo mbuzi angesita, yeye alipita na abiria wake hakumwaga hata maziwa.

Wa nne ni Subilaga, mjane, na mzigo wa habari hii ulimwangukia yeye.

Mumewe, Bwana Kajigili, alikuwa bwana shamba. Alipofariki aliacha pikipiki ya aina ya zamani, zile ambazo oili haina mahali pake pa peke yake. Huchanganywa na petroli humo humo kwenye tangi, na injini hunywa vyote viwili kwa pamoja. Baada ya mazishi Subilaga aliisukumia bandani, akaifunika turubai. Hakutaka kuiona.

Ambakisye, rafiki wa marehemu, alikuja kubisha hodi. "Shemeji, naomba niwe naitazama ile pikipiki."

"Uitazame ya nini? Nani ataipanda?"

"Sijui. Lakini kutu haingoji tujue."

Basi kila masika yalipokaribia, alifika na chupa ya oili. Alifungua plagi, akadondoshea oili ndani ya silinda, kisha akasukuma kiki taratibu kwa mkono ili oili itambae kila mahali. Tangi alilijaza petroli iliyochanganywa na oili mpaka juu, unyevu usipate pa kukaa, na petroli ilipochacha aliimwaga akatia nyingine. Watu walimcheka kwamba anauguza chuma. Mkewe alimnunia. Siku moja alipita mnunuzi wa vyuma chakavu, Subilaga akakubali kuuza. Ambakisye akaja mbio, akasimama mlangoni pa banda akitweta.

"Ni mali yako, shemeji, uza. Ila niambie kwanza, nimekukosea nini?"

Subilaga akaona aibu. Akamwambia mnunuzi aende zake. Hakuwa na tumaini lolote juu ya pikipiki ile. Ni aibu tu.

Miaka ikapita. Tusekile, binti yake wa pekee, akarudi nyumbani kujifungua. Mimba ya kwanza ilikuwa imeharibika, na hii Subilaga alikuwa akiiombea kila alipoinama kuchochea moto. Siku moja asubuhi, kabla ya muda wake, uchungu ukaanza, na pamoja na uchungu damu. Mkunga alipotoka chumbani alikuwa akijifuta mikono bila kumtazama mtu usoni.

"Hapa sina la kufanya, mama. Huyu apelekwe hospitali, na apelekwe sasa hivi."

Lakini kilima kilikuwa kimeporomoka na kubeba daraja. Magari yalikuwa ng'ambo, na bodaboda zote zilikuwa ng'ambo. Njia iliyobaki ni ya juu, ya msituni, nyembamba na ya utelezi, inayozunguka mlima hadi hospitali ya upande wa pili. Kumbeba kwa machela kungechukua siku nzima. Damu isingesubiri siku nzima.

Lwitiko alikuwapo kijijini. Alikuwa amevuka kwa miguu kuja kumwona mama yake, pikipiki yake akaiacha ng'ambo, na daraja likaondoka nyuma yake. Subilaga alimshika mkono uani, mbele ya majirani.

"Mwanangu, iko pikipiki ya marehemu. Atakayemwokoa binti yangu, pikipiki hiyo ni yake. Nasema mbele ya hawa wote."

Turubai likavutwa. Chuma kilikuwa kinang'aa kwa mafuta. Ambakisye mwenyewe hakuwapo. Alikuwa Mbeya kwa dada yake, na hakusikia neno. Petroli iliyochacha alikuwa ameimwaga kabla ya safari, akikusudia kutia nyingine akirudi, tangi likabaki tupu. Lwitiko akakimbilia dukani, akarudi na petroli ya chupa, akaanza kumimina.

"Ngoja!" Ni Ikupa, aliyekuwa akipita njiani na msumeno begani. "Umetia oili?"

"Oili si iko kwenye injini, mama?"

"Kwenye yako. Hii haina. Ukiipandisha mlima na petroli tupu, pistoni itashikana na silinda kabla hujafika nusu ya njia, na mgonjwa atabaki mgongoni kwako katikati ya msitu."

Alifungua mfuko wake, akatoa dumu dogo. Oili ya kuchanganya na petroli ya msumeno ilikuwa imebaki kidogo, na kwa kuwa daraja halipo, nyingine isingepatikana. Aliitunza ili amalizie gogo lake mwenyewe, mbao za paa la nyumba yake. Alilitazama lile dumu kidogo, kisha akapiga magoti kwenye matope. Ilibidi apime kwa jicho. Ikipungua, injini inaungua. Ikizidi, plagi inalowa na injini inazimika. Akamimina, akatikisa, akanusa, akaongeza tone, akasema, "Piga kiki."

Ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikawaka, moshi wa buluu ukajaa uani, na Subilaga, aliyekuwa hajausikia mlio ule tangu siku za mumewe, akajikuta analia huku akimfunga binti yake kwa khanga mgongoni mwa kijana.

Yaliyotokea njiani Subilaga alisimuliwa na Tusekile baadaye. Juu ya korongo gurudumu la nyuma liliteleza, pikipiki ikalala upande. Lwitiko aliweka mguu wake chini, akaukinga mwili wa Tusekile usifike ardhini. Mguu ukabanwa na bomba la moshi. Nyama ikaungua, na yeye hakuachia. Aliisukuma pikipiki taratibu mpaka ikasimama tena, akasema tu, "Shika vizuri, dada," wakaendelea. Injini ilipanda mlima wote bila kukwama hata mara moja.

Tusekile aliongezewa damu. Mtoto alitoka amenyamaza, wakampangusa, wakamsugua, hatimaye akalia. Wa kike.

Waliporudi nyumbani, Subilaga aliwaita wote watatu, akawaandalia chakula. Lwitiko alikuja akichechemea, na daktari alikuwa amemwambia mguu ule hautarudi kama zamani. Ikupa alikuja kanyeshewa. Gogo lake halikupasuliwa, mvua ikalizidi, likaserereka korongoni, na msimu ule watoto wake walilala chini ya nailoni. Ambakisye alikuja akiwa na chupa ya oili mkononi, kama kawaida yake.

"Ahadi ni ahadi," Subilaga alisema. "Lakini nimeshindwa kujua nimemwahidi nani."

Lwitiko alisema, "Mama, mimi ndiye uliyenishika mkono. Bila mimi, chuma na mafuta vingebaki hapa uani."

Ikupa akasema, "Ahadi sikuisikia, sikatai. Nilitoa bila kuahidiwa. Je, anayetoa bila kuahidiwa anastahili kidogo kuliko aliyeahidiwa?"

Ambakisye akaiweka chupa yake ya oili chini. "Sikumtunzia Tusekile. Nilimtunzia rafiki yangu. Lakini turubai lile mlilifunua mkakuta pikipiki, hamkukuta kutu."

Ikupa akamgeukia. "Ulikuwa unapitisha muda na kumbukumbu ya rafiki yako, kaka. Mimi nilitoa paa la watoto wangu."

"Miaka yote ile, mdogo wangu, unaiita kupitisha muda?"

Hakuna aliyepandisha sauti. Hilo ndilo lililomuumiza Subilaga zaidi. Kama wangegombana, labda angemjua mwenye choyo akamwondoa. Alisema atauza agawe. Wote watatu wakakataa pamoja, kwamba pikipiki ile haitakatwa vipande. Tusekile, mtoto kifuani, alipoulizwa, alisema kila akifumba macho anasikia mlio wa ile injini, na hawezi kusema sauti ile ni ya nani kati yao.

Chakula kikapoa. Nje mvua ikaanza upya, na Subilaga bado amekaa katikati yao, anawatazama mmoja mmoja.

Basi, ninyi mnaonisikiliza, mwambieni. Yupo aliyeikinga kabla haja haijajulikana, yupo aliyeipa kinywaji chake saa ya haja, na yupo aliyeibeba roho mgongoni akaungua. Pikipiki ni moja. Mngempa nani, na wale wawili mngewatazama usoni mkiwaambia nini?