Pikipiki ya Kupandia Mawe

Sikilizeni. Na wewe mama unayepekua mkoba, hicho unachokitafuta utakikuta baadaye. Nina habari ya mwanamume mmoja na pikipiki. Hamumjui. Mkidhani mnamjua, nyamazeni tu.

Mwanamume huyu alikaa bondeni, kando ya barabara ya lami, pamoja na mke na watoto. Mama yake alikaa juu, kwenye mlima wa mawe matupu, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Gari halifiki huko. Njia ni ya mbuzi, na ya wanawake wanaoshuka na ndizi kwenda sokoni kisha wanapanda tena na chumvi na sabuni.

Mvua zilipoanza, upepo ukainua bati la nyumba ya yule mama, juu ya kitanda chake hasa. Mama akawatuma wanawake wa sokoni: "Mwambieni mwanangu aje na nyundo. Misumari ninayo."

Kazi yenyewe ni ya nyundo na misumari, basi. Haihitaji kikao.

Mwanamume akafurahi kuitwa. Sikusema alikuwa mwana mbaya, msianze kuguna. Akawajibu, "Mwambieni nakuja. Ila safari hii nakuja na pikipiki ya baba."

Pikipiki hiyo haikuwa kama hizi zinazobeba abiria. Baba yake aliachiwa na mgeni mmoja aliyekuja kupima miamba, na mgeni huyo alikuwa akishindana nayo huko kwao. Zipo pikipiki za namna hiyo, zimetengenezwa kwa ajili ya kupanda mawe tu. Ni nyepesi, injini ndogo, na kiti cha maana hazina, kwa sababu mwendeshaji anasimama juu ya vikanyagio tangu chini mpaka kileleni. Mbio pia hazina. Jiwe zinalipanda polepole, zikilipapasa. Mzee alipokuwa hai, watu wa juu wakisikia mlio wake walitoka nje kumtazama akipanda. Mwana naye alitaka atazamwe hivyo. Hakulisema, lakini ndilo lililokuwa moyoni.

Tangu mzee azikwe, pikipiki ilikuwa imeegemezwa ukutani kwenye banda la mwana huko bondeni, kuku wanatagia kwenye majani yaliyorundikana chini yake. Mwanamume akamwita fundi, wakaitoa juani. Tangi limejaa kutu. Wakatia kokoto ndogo na petroli ndani, wakalitikisa mpaka mikono ikauma, yakatoka maji mekundu. Kwenye bomba la moshi nyigu wamejenga kwa udongo, nyumba na vyumba vyake. Kabureta imegandwa na uchafu wa petroli ya enzi zile. Plagi leo inatoa cheche, kesho haitoi.

Kila siku ya soko wanawake walipita. "Baba, mama anakuuliza."

"Mwambieni bado kabureta."

Soko lililofuata, "Mwambieni kabureta haijakaa sawa."

Mama huko juu akawauliza, "Huyo Kabureta ni nani? Kaoa mke wa pili?" Maneno yakateremka mlimani pamoja na vicheko. Mwana akacheka pia, akarudi kusugua.

Mwisho wakachanganya petroli na oili, maana injini ile ndivyo inavyotaka, mwanamume akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena, akapiga mpaka shati likamganda mgongoni. Mara ikakohoa, moshi mweupe ukajaa uwanjani, kuku wakatawanyika, injini ikashika! Fundi akapiga yowe. Mwanamume akakaa chini mavumbini, akafuta macho kwa mkono wenye grisi.

Mkewe akatoka jikoni. "Hongera, baba watoto. Sasa chukua nyundo uende."

"Niende na pikipiki isiyo na kiti? Watu watasema kiti kimenishinda."

"Baba yako alikuwa anakaa wapi?"

"Hakukaa. Alisimama."

"Basi na wewe simama."

"Mama watoto, wewe hujui pikipiki."

Akaipeleka barabarani kuijaribu. Vijana wa bodaboda wakamzunguka. "Mzee, hiyo inatembea au inasali?" Kwa kweli hata baiskeli ilimpita. Aibu ikamshika. Akamrudia fundi: weka kiti kirefu, na ile sproketi kubwa ya nyuma, lile duara la meno linalozungushwa na mnyororo, itoe uweke ndogo ili ipate mbio. Fundi akafanya, fundi anakataa kazi? Kisha ikaja rangi nyekundu. Rangi haikukauka vizuri kwa sababu ya mvua, ikarudiwa.

Hapo kwenye rangi ndipo ninapotaka mnisikie. Wanawake wa sokoni waliendelea kupita, wakamsalimu, wakaenda zao. Hawakusema tena kwamba mama anauliza. Mwanamume akamwambia mkewe, "Unaona? Mama ametulia. Anajua nakuja."

Nawauliza ninyi: mtu akiacha kukuuliza, ametulia?

Mvua zilipokaribia kukatika, akaondoka. Mfukoni ana spana, plagi ya akiba na chupa ya oili. Kwenye lami alikwenda vizuri, hata wale vijana wakampisha. Akaingia njia ya mlimani. Jiwe la kwanza kubwa, pikipiki ikakosa nguvu, ikazima. Akarudi nyuma, akalijia kwa kasi, na kile kiti kirefu kikamtupa kichakani kama gunia la mkaa. Pikipiki ya kupanda mawe, yeye kaifanya ya kwenda harusini.

Wanawake wakamkuta anajitoa miiba.

"Pole, baba. Umeumia?"

"Sijaumia."

"Basi iache hapo, twende. Nani ataiiba, nayo haipandi?"

Akaiegemeza kwenye jiwe, akawafuata. Wana mizigo kichwani, na wanaongea njia nzima. Kabla hawajamaliza habari ya harusi moja, wamefika.

Mama yake alikuwa uwanjani anachambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu." Akainuka, akaingia ndani, akatoka na kile kiti cha wageni, akakifuta kwa kanga. "Keti. Umekuja na nini?"

"Nilikuja na pikipiki ya baba, ikanigomea pale kwenye jiwe la kwanza. Nimemalizia kwa miguu."

Mama akaitazama miguu. "Ni ileile niliyokuzaa nayo?"

"Ndiyo, mama."

"Ahaa. Nilidhani nayo iko kwa fundi."

Mwana akainama. Kisha akasema, "Nionyeshe bati, mama. Nyundo nimeisahau, utaniazima yako."

"Ningekuwa na nyundo ningekuita? Bati lilishapigwa. Yule jirani mlevi, mnayemtajia watoto mkitaka kuwatisha, alipita mvua inanyesha akaniona nahamisha godoro kwenda banda la mbuzi. Naye hakuwa na nyundo. Alipanda na jiwe."

"Basi nipande tu nitazame kama limekaa sawa."

"Keti, baba. Mgeni hapandishwi paani. Chai inakuja."

Ndugu zangu, hakumtukana. Angemtukana, yule mwana angepona, maana anayetukanwa bado ni wa nyumbani. Yeye amekaribishwa. Kaletewa na kikombe chenye kisahani.

Msiende kusema nimekataza kutengeneza pikipiki. Kuifufua ilikuwa kazi nzuri, na yule alikuwa na bidii kuliko wengi wenu. Lakini alianza kuitengeneza pikipiki kwa sababu ya bati. Akafika mahali ambapo bati limebaki kuwa sababu ya kutengeneza pikipiki. Mnaiona tofauti?

Sisi je? Mama wa kule mtoni kafiwa, tukasema tutakwenda sare zikishonwa. Kitambaa kikaja si rangi yetu, kikarudishwa. Kikaja kingine, fundi cherehani akaumwa. Mfiwa amekwisha kuanua tanga, amepalilia shamba peke yake, sisi bado tunabishana mikono iwe mirefu au mifupi. Wengine tunangoja hasira iishe ndipo twende kwa ndugu zetu. Wengine tunasema tujifunze kwanza kuomba vizuri, ndipo tuingie kwa mgonjwa. Mungu alitupa miguu, sisi tunamwomba kiti kirefu.

Yupo mtu aliyekuwa akikutumia salamu, na siku hizi hata salamu haziji. Umeshamtaja moyoni, usinitazame mimi. Tukitoka hapa usipitie nyumbani kubadilisha nguo. Nenda kwake hivyohivyo, ukajue kama bado utaambiwa upande paani, au umeshatolewa kiti cha wageni.