Mfuko Juu ya Tumbo la Ngiri

Paukwa!
— Pakawa!
Mmekaa?
— Tumekaa, na masikio tumeyafungua!
Na mifuko yenu ya pesa iko wapi?
— Kiunoni, tumeishika!
Ishikeni tu. Mtaiachia wenyewe.

Hapo kale Kalunguyeye, yule mama mdogo wa miiba, aliishi na wanawe kwenye shimo la bondeni. Mvua ya mwaka uliopita iliingia shimoni hadi watoto wakampanda mgongoni, na mnaujua mgongo wa kalunguyeye! Walilia kwa maji, wakalia kwa miiba. Mama akaapa kwamba mvua nyingine haitawakuta bondeni. Muhanga, fundi wa kuchimba, alikubali kumchimbia nyumba kilimani, lakini Muhanga hakopeshi.

Kalunguyeye hakuwa na wasiwasi, maana wanyama walikuwa na upatu wao. Kila siku ya gulio kila mmoja alitoa simbi, zile kauri zilizokuwa pesa zao, na mmoja akazibeba zote kwa zamu. Sasa zamu ilikuwa yake. Mtunza mfuko alikuwa Ngiri, kwa sababu ana nguvu na meno yaliyopinda, na hakuna wa kumchezea.

Shida ni kwamba Ngiri alianza kuupenda mfuko. Aliingia shimoni kinyumenyume, kama ngiri wote waingiavyo, mfuko nyuma, uso nje, akakaa macho yamemtoka pima. Jani likidondoka, "Nani huyo?" Upepo ukivuma, "Nani huyo?" Hali, halali.

"Hodi, mjomba," akaita Kalunguyeye.
"Nani huyo?"
"Ni mimi. Zamu yangu imefika. Nipe simbi zangu, mawingu yale yanakuja."
"Zako? Hizi zikitoka humu mimi nakufa! Nenda zako!"

Kalunguyeye alitaka kulia. Aliwafikiria wanawe na roho ikamuuma kweli. Kisha akamtazama Ngiri vizuri: macho mekundu, mashavu yameshuka, kope zinamcheza. Hasira zikampungua, ujanja ukampanda.

"Mjomba, tangu lini hujalala?"
"Nitalalaje nami nina mali?"
"Mali haikatazi usingizi. Hujui tu kulala nayo. Sisi kalunguyeye tuna yoga yetu, wala si ya kuruka na kupinda viungo. Ni kulala na kupumua, basi. Toka nje, humo ndani hata mguu haunyooki."
"Na mfuko?"
"Njoo nao! Tutauweka juu ya tumbo lako, uusikie kila ukipumua."

Hapo Ngiri akapapenda. Akautoa mfuko, buruu, buruu, akalala chali, miguu minne juu, mfuko tumboni.

"Vuta pumzi, useme: zimekuja."
Fyuuu! "Zimekuja." Mfuko ukapanda.
"Toa pumzi, useme: zimekwenda."
Ngiri akaruka. "Zimekwenda wapi?"
"Ni kupumua tu, mjomba. Mfuko si huo hapo? Ukivuta kila siku bila kutoa, utapasuka."

Ngiri akalala tena. Fyuuu, zimekuja. Hooo, zimekwenda. Mfuko ukapanda, mfuko ukashuka. Na kila uliposhuka, mkono mdogo wa Kalunguyeye uliingia, ukatoka na simbi, ukazitia kwenye kikapu chenye nyasi ili zisilie.

"Mpwa wangu, nasikia mzigo unapungua."
"Ndiyo yoga hiyo, mjomba."
"Kifua chepesi!"
"Endelea, bado kidogo."

Fyuuu... hooo. Fyuuu... krooo. Krooo! Krooo!

Kalunguyeye akabeba kikapu, mbio hadi kwa Muhanga. Muhanga akachimba, paru, paru, paru. Mvua ilipoanza, ta, ta, ta, watoto walikuwa ndani, wakavu, wakigombania nani alale karibu na ukuta.

Ngiri aliamshwa na matone tumboni. Kushika mfuko, umelala bapa! Akapanda kilima akipiga makelele, akaingiza pua mlangoni mwa Kalunguyeye, akachomwa miiba.

"Aa! Mwizi! Umenimaliza!"
"Nimechukua zamu yangu, mjomba, hata simbi moja sikuzidisha. Lakini niambie, umelala?"

Ngiri akafungua kinywa ili atukane. Badala yake ukamtoka mwayo mrefu, mtamu. Hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo.

"Nimelala," akasema kwa aibu. "Nimeota ndoto ya mizizi mitamu."

Akarudi kwake, akaingia kinyumenyume, na kumbe mle ndani mna nafasi ya kutosha kunyoosha miguu yote! Gulio lililofuata, wenzake walipomletea mfuko, aliukimbia kama unawaka moto.

"Mpeni mwingine!" akasema. "Mimi nina usingizi wangu."

Hadithi imefika kwake, imeingia, imefunga mlango. Sasa sikilizeni funzo lake: mwenye pesa asilale, asipumue, na asimwamini kabisa mtu anayemwambia alegeze viungo.

Mmelishika?
— Tumelishika!
Vizuri. Basi laleni chali, wekeni mifuko juu ya matumbo, fumbeni macho. Na wewe wa nyuma unayechungulia, fumba. Vuteni pumzi, mseme: zimekuja...