Fungu la Kwanza la Vitunguu vya Nakijwa

Hapo zamani, ila zamani yenyewe ilikwisha kuwa na kompyuta, palikuwa na mjane wa Upareni aitwaye Nakijwa. Alilima vitunguu katika shamba la marehemu mumewe, na shemeji zake walimwambia wazi: vikiharibika mwaka huu, shamba wanalichukua.

Maji yalitoka ndivani, bwawa dogo la kijiji, kwa zamu. Usipofungulia maji siku yako, imekula kwako mpaka mzunguko mwingine. Basi watu walimwagilia hata udongo uliolowa, wasije wakapoteza zamu. Nakijwa naye akamwagilia, akamwagilia, mizizi ikaanza kuoza.

Akaja Namkunda, binti wa kaka yake, na kompyuta aliyoifundisha kukisia jinsi maji yanavyozama na kukauka ardhini. Ikasema: zamu ya kesho aiache, asubiri Jumatatu, zamu yake inayofuata.

Akaja jirani yake Mbonea na jembe. Akachimba shimo, akaonyesha kwamba chini kuna udongo wa mfinyanzi unaozuia maji. Namkunda akamshukuru, akaiambia kompyuta habari hiyo. Ikabadili kauli: asubiri hadi siku ya gulio, Alhamisi.

Lakini Alhamisi ilikuwa zamu ya Mchome, jirani mwingine aliyelima mahindi. Nakijwa akaenda kwake, roho mkononi. Mchome akakuna kichwa, akakubali kubadilishana. Mahindi yake yakanywa mapema, kisha yakangoja mno, nusu yakaungua.

Vitunguu vikapona, vikanenepa. Shemeji wakaja, wakatazama, wakaondoka, shamba wakaliacha. Nakijwa akalia kwa furaha na shukrani.

Sasa, desturi ya kule ni kwamba fungu la kwanza la mavuno hupewa aliyeliokoa shamba, na fungu hilo haligawanywi. Nakijwa akawaita wote watatu.

Namkunda akasema, “Shangazi, bila hesabu yangu ungemwagilia siku ileile, na vyote vingeoza.”

Mbonea akasema, “Kweli, mwanangu. Lakini bila shimo langu, hesabu yako ingemwagilia Jumatatu, na vingeoza vilevile.”

Mchome akasema, “Nyinyi mlijua siku. Siku yenyewe niliitoa mimi, na mahindi yangu mmeyaona.”

Nakijwa akawatazama mmoja mmoja. Wote aliwapenda, na kwa kila mmoja asante ilimjaa kifuani hata asijue aanzie wapi. Akasimama hapo, fungu mkononi.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, msaidieni mama wa watu: je, nani alistahili kupewa?