Suti ya Mtu Aliyebana Tumbo

Kaeni, wapendwa, kaeni. Kwaya imetuinua vizuri, sasa mimi nitawashusha, mnisamehe. Somo mmelisikia, sina haja ya kulirudia. Nitawapa mfano, na mfano wenyewe ni mchungu kama maji ya mwarobaini. Wanaotaka kucheka wacheke mwanzoni, maana huko mbele hakuna cha kuchekesha.

Alikuwako fundi cherehani mmoja, fundi wa suti. Nasema fundi, sisemi mshona viraka. Koti likitoka mkononi mwake, hata mtu ambaye bega lake moja limelala unamwona amenyooka. Katika mji ule, bwana harusi ambaye hakushonewa na yeye alionekana kama ameazima nguo kwa shemeji. Na fundi huyu alikuwa na ugomvi mmoja na wateja wake, kila siku ule ule. Mwanaume akisimama mbele ya kioo, akaona futi inamjia kiunoni, anafanya nini? Enhe, mnajua. Anabana tumbo! Anavuta pumzi, anatoa kifua, anatazama darini kama askari wa gwaride.

Hapo fundi alikuwa anampiga kikofi cha tumbo na kumfokea mbele ya watu: "Achia tumbo, bwana! Nikikupima umelibana hivyo, suti namshonea nani? Huyu unayenionyesha siku ya harusi hatakuja. Atakuja mwenye tumbo, na vifungo vitaruka madhabahuni!"

Watu walikuwa wanavunjika mbavu. Siku moja alikuja hata daktari wa kliniki ya sukari, anataka suti ya harusi ya mdogo wake. Naye akabana. "Daktari mzima!" fundi akamwambia. "Na wewe unanidanganya?" Daktari akaachia tumbo, akacheka mpaka akatoa miwani kufuta machozi. Wakawa marafiki tangu siku ile.

Walijuana zaidi, kwa sababu fundi mwenyewe alikuwa mgonjwa wa sukari. Kila mwezi alikuwa na siku yake ya kliniki. Anakwenda asubuhi hajala kitu, anakaa kwenye benchi na wenzake, anatobolewa kidole, tone la damu linaingia kwenye mashine, namba inatoka. Namba yake ilikuwa nzuri kila mara. Wenzake wanasomewa kumi na nne, kumi na saba, mmoja ishirini. Yeye sita. Daktari anatoka nje na kumshika bega mbele ya benchi zima.

"Mnamwona mzee huyu? Huyu ndiye anayenisikiliza. Dawa zake zile zile, siongezi hata kidonge. Igeni kwake."

Jamani, kusifiwa kuna utamu wake. Fundi alikuwa anarudi nyumbani kifua mbele. Lakini mkewe alikuwa hafurahi, maana mkewe alijua namba ile ilikuwa inapikwa jikoni kwake.

Nyumbani kwao kulikuwa na kitu walichokiita wiki ya kliniki. Hata watoto walikijua. Wiki ya kliniki ikifika, sukari inafichwa juu ya kabati. Ni mchicha na dagaa, ugali wa dona kidogo tu, chai kavu. Fundi anameza vidonge vyake asubuhi na jioni bila kukosa. Jioni anatembea mpaka kiwanja cha mpira na kurudi, anatoka jasho. Siku saba anakuwa mtakatifu. Halafu siku ya nane anapimwa, anasifiwa, anatoka na njaa yake, na kule kule kwenye mgahawa wa getini mwa hospitali anaagiza chai ya maziwa, maandazi manne na soda ya kuteremshia. Wiki zinazobaki vidonge vinalala kwenye kopo lao. Harusini anakaa meza ya mbele, analetewa pilau, keki na soda, na yeye si mtu wa kuwavunja watu moyo.

Mkewe alijaribu. Siku moja, anapandisha ile sukari juu ya kabati, alisema: "Baba Anyesi, unamdanganya nani?"

"Simdanganyi mtu. Mchicha nakula kweli. Kidole wanachotoboa ni changu, damu ni yangu."

"Na wiki zile nyingine?"

"Wiki zile nyingine daktari haziulizi," fundi akasema. "Unataka niende na namba kubwa nianzishiwe sindano? Unataka nife?"

Maana alikuwa anaogopa sindano za insulini kuliko alivyoogopa kaburi. Mtaani kwao walikuwa wanasema mtu akishaanza sindano ameshaanza kuaga. Upuuzi mtupu! Walikuwa wanawaona wenye sindano wakifa kwa sababu walizianza wakiwa wamechelewa, kisha wanailaumu sindano. Ila fundi aliamini hivyo, na mkewe akachoka kubishana, akaendelea kupika mchicha wa wiki ya kliniki.

Si yeye peke yake aliyeumia na siri ile. Kwenye benchi alikaa jirani na mama mmoja aliyekuwa anasomewa namba mbaya na kulia. Fundi akamwonea huruma, akamnong'oneza: "Mama, kaza wiki moja tu kabla ya kuja." Mama akakaza. Namba zikawa nzuri, akasifiwa naye. Leo mama yule anashikwa mkono kupelekwa chooni, macho hayaoni. Huruma gani ile? Niambieni, wapendwa, huruma gani?

Turudi kwa fundi. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, naye alizoea kuvua viatu ili aisikie vizuri. Siku moja ameshona asubuhi nzima, akainuka kwenda kuchukua pasi, akaona nyayo za damu sakafuni. Akatazama zilikotoka. Zilitoka kwake. Kipande cha sindano ya cherehani kilikuwa kimezama chini ya mguu wake wa kulia, tena kimezama siku hiyo hiyo au jana, hakujua. Hakusikia hata mchomo. Akaketi, akakitoa kwa koleo, na badala ya kuogopa akajisifu kwa vijana wa duka la jirani kwamba mguu wake mgumu kama wa ng'ombe. Nani alimwambia kwamba mguu usiosikia maumivu ni mguu mgumu? Mguu ule ulikuwa unakufa. Sukari ilikuwa imeshakula mishipa ya fahamu ya unyayo, na mwenye mguu anaringa.

Kidonda kikakataa kufunga. Wiki ya kliniki ikafika, mkewe akamwambia, "Utamwonyesha daktari mguu."

"Nikimwonyesha ataanza maswali." Akapaka dawa ya dukani, akafunga kitambaa, akavaa soksi na viatu vyake vinavyong'aa, akaenda. Namba ikatoka sita na nusu. Daktari akamshika bega. Mguu hakuutazama, ataangaliaje mguu wa mtu mwenye sita na nusu na wagonjwa wamejaa mpaka mlangoni?

Mwezi uliofuata fundi alikwenda vile vile, amekaza wiki yake, mchicha tumboni. Akakuta hospitali imeletewa mashine mpya. Safari hii walimchoma mkononi, wakachukua damu ya kujaza kichupa.

"Hiki ni kipimo gani, daktari? Mbona hamkuniambia nijiandae?"

"Hakina maandalizi, mzee wangu. Hata ungekuja umeshiba tungekupima tu." Daktari alikuwa na furaha na mashine yake, akaeleza kama mwalimu. "Ile namba ya kidoleni inaniambia sukari yako ya asubuhi hii, basi. Hiki kinaangalia nyuma. Chembe nyekundu za damu zinaishi kama miezi mitatu. Sukari ikizidi mwilini inazigandia, na ikishaganda vya kutosha haibanduki mpaka chembe yenyewe ife. Tukizipima tunajua miezi mitatu yote ilikuwaje. Asiye na ugonjwa hafiki asilimia sita. Wewe tunataka usizidi saba. Kwa jinsi ninavyokujua, majibu yako nitayabandika ukutani wenzako wayaone."

Miezi mitatu! Fundi akaanza kuhesabu harusi. Akataka kusema ana dharura, ana mteja anamsubiri, lakini damu ilikuwa imeshakwenda. Akakaa pale kwenye benchi anatazama viatu vyake.

Majibu yalitoka asilimia kumi na mbili. Daktari aliyasoma, akaenda mwenyewe maabara kuuliza kama wamechanganya vichupa. Hawakuchanganya. Aliporudi hakumshika bega. Akafunga mlango, akasema kwa sauti ya chini, "Vua viatu, mzee."

"Daktari, miguu haina tatizo..."

"Vua."

Soksi ilipotoka, nesi aliyekuwa pale alisogea dirishani. Vidole viwili vilikuwa vyeusi. Fundi aliutazama mguu wake kama mguu wa mtu mwingine, maana hata pale, katika hali ile, ulikuwa haumuumi.

Waliukata chini ya goti. Walimwanzishia na ile sindano aliyoikimbia, kila siku asubuhi na jioni.

Daktari alipokuja wodini kumwona, fundi alikuwa amejawa na uchungu, na mtu mwenye uchungu anatafuta wa kumtupia. Akamgeukia.

"Daktari, mimi nimekuja kwako kila mwezi. Sijakosa hata mwezi mmoja! Umenipima, umenisifu mbele ya watu. Leo nimelala hapa, sina mguu wa kukanyagia cherehani. Kwa nini hukunitibu? Dawa hukuwa nayo?"

Mkewe aliyekuwa pembeni ya kitanda akainamisha kichwa. Daktari akavuta kiti, akakaa. Akavua miwani, akaishika mkononi.

"Dawa nilikuwa nayo," akasema. "Miaka yote ilikuwa kwenye kabati nyuma yangu. Lakini kila mwezi ulikuwa unaniletea mtu mmoja mzima kabisa, ana namba nzuri, hahitaji hata kidonge cha kuongeza. Nikamtibu huyo. Huyu aliyelala hapa hukuwahi kumleta. Mimi namwona leo kwa mara ya kwanza." Akamsogelea kitandani. "Mzee wangu, wewe ndiye uliyenifundisha. Ulinipiga kikofi cha tumbo mbele ya kioo. Nikikupima umelibana, suti namshonea nani?"

Fundi akageuza uso ukutani, akalia kama mtoto.

Mmenyamaza. Mlipokuwa mnacheka pale mwanzoni nilikuwa nawatazama tu.

Sasa tuseme ukweli, sisi kwa sisi, milango imefungwa. Sisi hatuna wiki ya kliniki? Tunayo, tena yetu ni fupi kuliko ya fundi, inaanza Jumamosi jioni! Jumamosi jioni tunapiga pasi nguo, tunapiga pasi na ulimi. Mtu amemtukana mkewe tangu Jumatatu, leo anamfungulia mlango wa gari hapo nje ili mashemasi waone. Mama hajasemezana na wifi yake tangu msiba wa mwaka juzi, leo amekaa naye benchi moja, anampa kitabu cha nyimbo. Tunaingia humu tumevuta pumzi, tumetoa kifua. Ibada ikiisha tunapumua, na getini tu pale tunaagiza maandazi yetu.

Na mkishakuja hivyo, mnanisogelea mimi mchungaji mnasema, niombee. Nimwombee nani? Mimi ninamwekea mikono mtu ninayeletewa. Ninamwekea mikono yule wa Jumapili, mzima kabisa, anatabasamu, namba yake sita. Yule mlevi umemwacha nyumbani. Yule mwenye kinyongo umemwacha nyumbani. Yule anayelia chooni ili mumewe asimsikie, naye umemwacha nyumbani, ndiye mgonjwa, ndiye mguu wake umeshaanza kuwa mweusi, na huusikii ukiuma. Halafu siku ya kukatwa mguu ikifika mnauliza, Mungu alikuwa wapi, kanisa lilikuwa wapi, mbona nilikwenda kila Jumapili, sikukosa hata moja?

Ulikwenda, ndiyo. Ulimpeleka nani?

Msidhani Mungu amedanganyika kama daktari yule. Yeye hangoji mashine mpya. Miezi yako mitatu anaijua, na ile ya nyuma yake anaijua. Lakini hatakuvua viatu kwa nguvu. Anakaa pale na dawa ya kutosha kabatini, anamtazama huyo mgeni unayempelekea kila wiki, anakungoja wewe. Na kumwendea hakuna maandalizi. Ungekuja umeshiba dhambi zako, angekupokea hivyo hivyo.

Na nyinyi wenye sukari humu ndani, nawajua, naziona soda zenu harusini: mkienda kliniki mwende jinsi mlivyo, na viatu mvue wenyewe kabla hamjaambiwa.

Tusimame, tuombe. Sitaki nyimbo kwanza, kinanda kinyamaze. Nitaomba kwa sauti ndogo, kila mtu na Mungu wake. Lakini wewe uliyesimama hapo umenyooka, ndugu yangu, dada yangu, kabla hujafumba macho, nakuomba kitu kimoja tu.

Achia tumbo.