Hodi ya Bwana Kiboko

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa na mji wao wenye mitaa na majirani wambeya, popo walizalia kwenye ghala kuukuu la Bwana Kiboko. Vitoto vyao vilikuwa havijajua kuruka.

Kuchakuro, mdogo wa umbo na mwepesi wa ulimi, alijitolea kuwatunza popo hao. Hakuna aliyemtuma. Alifagia kinyesi, akaokota vitoto vilivyoanguka, akavirudisha kwa mama zao.

Asubuhi moja akamkuta Kiboko mlangoni, kabeba chungu cha makaa na pilipili kavu, majirani wamejaa nyuma yake.

"Leo nawafukiza! Wananuka, wanaleta mikosi!"

"Vitoto vitakufa, bwana! Subiri vijue kuruka."

"Na vife! Ghala la nani?"

Kuchakuro alikasirika kwelikweli. Mikosi! Na mbu wa mtaa mzima, nani angewala, Kiboko na domo lake hilo? Alitaka kumrukia usoni amng'ate. Lakini angekanyagwa, pyaa! Akaimeza hasira yake.

"Haya, ghala ni lako. Ila humo mna wazazi, wamejifungua juzi tu. Bwana mzima utawavamia wanawake bila hodi? Majirani, mnamwona huyu?"

"Aa, aibu hiyo!" wakaguna majirani.

Kiboko, aliyependa sana kusifiwa adabu, akavimba. "Nani kasema sina adabu? Hodi!"

Kimya. Popo mchana hulala fofofo.

"Hodiii!"

Kimya.

"HODI, jamani!" Mabati yakalia, gada gada gada!

Kimya.

Kuchakuro akaruka, akasimama katikati ya mlango. "Mara tatu, hujaitikiwa! Mgeni asiyeitikiwa hufanya nini, majirani?"

"Hurudi kwake!"

"Mgeni? Mimi ndiye mwenye nyumba!"

"Mwenye nyumba hupiga hodi kwake? Umepiga mwenyewe, tumekusikia wote! Ondoka! Ondoka na moshi wako, huna haya, unataka kuua watoto wachanga!"

"Ondoka!" wakapokea majirani.

Kiboko akabeba chungu chake, akaenda zake. Kila asubuhi alirudi kupiga hodi, na kila asubuhi hakuitikiwa, mpaka jioni moja, akipita hapo, vitoto vikatoka, puru puru puru, vikaruka juu ya kichwa chake.

Basi, watoto wangu, mkubwa akitaka kuwaumiza wachanga, kasirikeni, lakini kasirikeni kwa akili.