Kipande cha Kwanza cha Keki ya Fotunata

Kaeni chini mnisikilize, wakubwa kwa wadogo. Leo sina utani. Nina kisa kinachonikera mpaka sasa, na nakitua mbele yenu mnisaidie kuhukumu, maana mimi peke yangu nimeshindwa. Sharti langu ni moja tu: ukitoa jibu, litoe na sababu yake. Atakayejibu "wote sawa" ahamie kwenye baraza la jirani.

Palikuwa na wanawake watatu hapa kwetu Mahenge, na kila mmoja alikuwa na chake alichojaliwa.

Apolonia, muuza maharage sokoni, alijaliwa kipimo. Mizani hana wala haitaki. Akichota kwa kiganja akakwambia hiyo ni robo, nenda kapime popote unapotaka, utakuta ni robo.

Skolastika alijaliwa mkono usiochoka. Kwenye misiba na sherehe, wenzake wanatwanga kwa zamu, yeye anatwanga tu. Akiwa na hasira ndiyo anatwanga vizuri zaidi, na hasira anazo za kutosha.

Leokadia, mfinyanzi wa vyungu, alijaliwa moto. Anauelewa kwa kuusogezea kiganja tu, anajua wakati wa kuongeza na wakati wa kupunguza. Vyungu vyake havipasuki tanuruni.

Na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kupika keki.

Sasa yuko binti anaitwa Fotunata. Mama yake alifariki akimzaa. Apolonia, ambaye ni mama yake mdogo, akamchukua mchanga akamlea mpaka miaka sita. Kisha binti akaenda kwa baba yake, akalelewa na mama wa kambo, ndiye Skolastika, mpaka miaka kumi na minne. Baba naye akafariki. Ndipo Leokadia, jirani tu, asiye na undugu naye wa aina yoyote, akamfungulia mlango, na Fotunata akakaa kwake mpaka alipochumbiwa. Ukitaka utasema binti huyu ana mama watatu. Ukitaka utasema hana hata mmoja.

Mnajua mambo ya sendofu yalivyo, ile sherehe ya kumuaga binti anayeolewa. Bibi harusi akikata keki, kipande cha kwanza anamlisha mama yake, ukumbi mzima umesimama, vigelegele vinapasua paa. Anayelishwa pale ndiye mama, na hakuna atakayemuuliza tena. Kamati ikataka jina moja la kuandika kwenye ratiba.

Wiki tatu! Wiki tatu wanawake wazima waligombana mpaka nikaona aibu kupita nao njia moja.

"Damu ni yangu," anasema Apolonia. "Nilimbeba kitovu hakijakauka."

"Baba yake ni mume wangu," anasema Skolastika. "Mimi ndiye niliyemfundisha kufua, kupika na kusali."

"Mwali ametokea kwangu," anasema Leokadia. "Barua ya posa ililetwa mlango gani? Si wangu?"

Fotunata akachoka. Siku moja akawaambia wote watatu pamoja: "Basi! Atakayenipikia keki ya sendofu kwa mkono wake, huyo ndiye nitakayemlisha wa kwanza. Sitaki kusikia neno lingine."

Baadaye aliniambia kwamba alidhani watakata tamaa, maana alijua hawajui keki. Alidhani watakaa chini, waone haya, wakubaliane. Maskini mtoto, hakuwajua.

Maelekezo ya keki yapo nyuma ya pakiti ya unga, hata mtoto wa darasa la tatu anayasoma. Unga, sukari, siagi, mayai, beking pauda, maganda ya limau yaliyokwanguliwa. Huna oveni? Weka mchanga kwenye sufuria kubwa, tumbukiza ndani yake sufuria ndogo yenye keki, funika, weka makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Ni jambo jepesi, ila linataka utulivu, na utulivu ndicho kitu pekee ambacho hawa watatu hawakujaliwa.

Kila mmoja akajaribu kwake, mlango umefungwa. Apolonia alipima vizuri kila kitu, kisha akawasha moto kama wa ugali. Keki ikaungua chini na juu, katikati ikabaki uji.

Skolastika alipiga unga wake mpaka ukawa laini kama maziwa mtindi, lakini beking pauda aliitia vijiko vitano, kama anavyotia hamira ya maandazi ya msiba. Keki ikaumuka, ikamwagika mchangani, na ile iliyobaki ilikuwa chungu mpaka kuku wakaikataa.

Leokadia moto wake haukuwa na kasoro. Ila alikoroga dakika mbili tu, kama uji wa mgonjwa, akaona imetosha. Ikatoka imeiva, imekaa vizuri, na haikatiki kwa kisu.

Ikafika Jumamosi ya sherehe. Saa moja asubuhi nafungua mlango wangu, nawakuta wamesimama uani wote watatu, kila mmoja na beseni lake kichwani, hawatazamani. Kila mmoja amefuata sufuria yangu kubwa ya shughuli. Hapa mtaani hakuna nyingine ya ukubwa ule inayoweza kupika keki ya watu mia.

"Mama Deo, mimi ndiye niliyetangulia kufika," alisema Apolonia.

"Mimi nilikuomba tangu juzi," alisema Skolastika.

"Mimi jiko langu limeshawaka," alisema Leokadia.

Nilipandisha hasira, siwafichi. Niliwaambia: "Sufuria ni moja, na haitoki hapa. Ama mpike pamoja uani kwangu, ama mwende zenu, mtoto akate mkate wa dukani mbele ya wakwe! Aibu itakuwa yenu."

Wakanuna. Lakini waliweka mabeseni chini, na mimi nikavuta kigoda nikawasimamia kama mahabusu.

Apolonia alianza na kipimo. Alichukua unga wa watatu wote, sukari ya watatu wote, akaanza kuchota kwa kiganja huku akitaja. Mayai akayapasua moja moja kwenye kikombe kabla ya kuyachanganya, akanusa kila moja, akatupa mawili viza yaliyotoka kwenye beseni la Skolastika. Skolastika alipotaka kuongeza beking pauda kwa siri, Apolonia alimkamata kiwiko.

"Unataka kumuua mtoto kwa uchungu wako?"

"Niachie mkono! Mpaka leo unanipimia?"

"Leo nakupimia, ndiyo. Vijiko viwili kwa kila kilo, basi."

Skolastika akachukua mwiko. Siagi na sukari vinatakiwa vipigwe mpaka viwe vyeupe, na kwa wingi ule, bila mashine, si kazi ya binadamu wa kawaida. Alipiga saa nzima na nusu. Lengelenge likatoka kiganjani, likapasuka, akafunga kitambaa akaendelea. Apolonia alisema imetosha. Leokadia akasema imetosha. Yeye alitazama rangi tu, na kila alipokumbuka jambo la zamani alizidisha kasi. Alipoacha, mayai na unga vimeshaingia, ule mchanganyiko ulikuwa mwepesi kiasi kwamba ulishuka wenyewe kwenye mwiko.

Leokadia akapokea sufuria. Alitandaza mchanga, akaupasha kwanza, akatumbukiza sufuria yangu ndogo yenye keki, akapanga makaa chini kwa duara na mengine machache juu ya mfuniko. Akakaa hapo asinyanyuke. Mnajua wapishi wapya walivyo, hawana subira, kila dakika wanataka kufunua waone. Apolonia alinyoosha mkono kwenye mfuniko, akapigwa kofi la mkono. Skolastika naye akanyoosha, akapigwa lake.

"Ukifunua sasa inakaa chini kama chapati," alisema Leokadia. "Mtanitukana kesho, leo mtatulia."

Upepo ulipogeuka akasogeza makaa kwa vidole vyake mwenyewe, hakuwa na muda wa kutafuta koleo. Ngozi ya vidole viwili ilitoka. Sufuria yangu ndogo nayo ilitoboka siku ile, na mpaka leo hakuna aliyeniambia hata pole, lakini hayo ni yangu.

Saa nane mchana akachoma kijiti cha ufagio katikati ya keki, kikatoka kikavu. Wakafunua. Jamani! Ilikuwa imeumuka sawasawa pande zote, rangi ya asali, harufu ya limau mpaka majirani wakachungulia ukutani. Kwa nusu dakika wale wanawake walicheka pamoja, na mimi mjinga nikadhani yamekwisha.

"Keki yangu," alisema mmoja. Wala simkumbuki ni yupi.

Yakaanza upya. Hakuna aliyekubali mwenzake aishike, wakahofia ataingia nayo ukumbini peke yake. Basi waliibeba wote watatu kwenye sinia moja, kilomita nzima, wamenuna, wamejipamba, wakipishana hatua. Watu barabarani walicheka. Mimi nilitembea nyuma yao nikitamani kuwachapa.

Ukumbini ukafika wakati wenyewe. Fotunata amevaa gauni la kijani, ameshika uma wenye kipande cha kwanza, mkono umeinuka. Mshereheshaji akatangaza: "Na sasa, mama wa bibi harusi, aliyepika keki hii kwa mkono wake, apite mbele!"

Wakapita watatu.

"Bila kipimo changu mngekula uchungu," alisema Apolonia, mbele ya wakwe, bila haya.

"Bila mkono wangu mngekula jiwe," alisema Skolastika, akaonyesha kile kitambaa chenye damu.

"Bila moto wangu mngekula mkaa kwa uji," alisema Leokadia, akainua vidole vyake.

Na yote matatu ni kweli! Hapo ndipo ninapochukia zaidi. Meza za mbele zikasema Apolonia, za katikati zikasema Skolastika, za nyuma zikagonga glasi kwa Leokadia. Mshereheshaji akapendekeza kipande kimegwe mara tatu. Apolonia akamkatiza: "Wa kwanza ni mmoja. Nisipolishwa mimi, Fotunata, usinijue tena."

"Na mimi vilevile," alisema Skolastika.

Leokadia alisita kidogo. Kisha akasema, "Na mimi."

Fotunata akashusha uma. Akachukua kipaza sauti kwa mkono wa pili, na nikaona kwamba halii. Alikuwa amekasirika kuliko sisi sote.

"Mama mdogo, nakushukuru, ulinilea. Nilipofika miaka sita ukapata mchumba, akasema hataki mtoto wa mtu, ukanipeleka kwa baba na hukurudi kuniona mpaka Krismasi ya pili. Mama, nakushukuru, ulinilea. Baba alipozikwa, matanga hayajaisha, ulisema nyumba hii haina tena mwenye mtoto huyu. Mama Leokadia, nakushukuru, ulinipokea mvua inanyesha. Lakini mwezi jana uliniambia nikiolewa nisirudi na mizigo yangu, chumba umeshampa mpangaji. Kila mmoja wenu alinilea, na kila mmoja wenu alinitoa. Leo kuna watu na kamera, mnanigombania. Siku zile zote nilikuwa nakaa mlangoni nikisubiri hata mmoja wenu anigombanie, hakutokea."

Wale watatu wakatazama chini. Hakuna aliyekana, na hakuna aliyerudi kwenye kiti chake.

Fotunata akaweka kipaza sauti mezani. Akauinua uma tena, ile keki bado iko pale, akawatazama mmoja baada ya mwingine. Kisha akalisha.

Ndiyo, alilisha. Msiniambie angekula mwenyewe, ahadi aliitoa kwa kinywa chake na wakwe waliisikia ikitangazwa. Msiniambie angeitupa chini, kuna lengelenge la mtu mle, kuna ngozi ya mtu, kuna kipimo cha mtu. Alichagua mdomo mmoja akaulisha, na mimi nilikuwa meza ya tatu nikauona ni upi.

Siwatajii. Nawaambia hili tu: Fotunata alijifungua mwezi wa nne, mtoto wa kike. Mmoja alikwenda kumwogesha mtoto na kumkanda mzazi. Wawili hawajakanyaga pale mpaka leo, wanapita ng'ambo ya barabara, na nguo za mtoto zimeanikwa wanaziona.

Haya, semeni, na msinichezee. Wewe ndiye umeushika ule uma, watu wote wanakutazama, na unajua kwamba ukimlisha mmoja unawapoteza wawili. Aliyepima, aliyepiga, au aliyewasha moto: ungemlisha nani?