Mchezo Usio na Uongo

Hapo zamani, enzi ambazo sultani alikuwa na waziri wa kila jambo, na waziri mwingine wa mambo yasiyo na waziri, aliishi katika mji wa Kipandeni mtu akiitwa Msabaha. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha vijana wa mji kuigiza, ndani ya bohari kuukuu la chokaa, na mali yake yote ilikuwa kanzu moja. Kila penye mchezo kanzu hiyo ilivaliwa na mfalme wa jukwaani, naye Msabaha akabaki nyuma ya pazia kajifunga shuka.

Basi Sultani Haidari alikuwa na desturi: mchezo ukimchekesha, huwatupia vijana konzi ya fedha, asipocheka, vijana hula hewa. Ikawa vijana hushiba tu pale jino la Sultani lisipouma. Hata mwenye bohari akachoka kungoja kodi yake, akasema, "Msabaha ndugu yangu, mvua zikikatika naweka mbata zangu za nazi humu. Mbata hazinipi ahadi."

Vijana wakajua kuwa bila bohari watatawanyika kwenda kubeba magunia bandarini. Mwanakheri, binti aliyewapita wote kwa uigizaji, akanena, "Mwalimu, nenda kwa Sultani ukaombe fungu la kudumu. Ila tafadhali, usijaribu kumchekesha. Wewe ukichekesha, watu hukumbuka wameacha vyungu jikoni."

"Najua, mwanangu," akajibu Msabaha, maana hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye.

Akaenda barazani, akaeleza haja yake. Waziri Mkuu Maulidi akakohoa, akasema, "Maulana, kuigiza ni uongo. Mtoto wa muuza maji asema yeye mfalme, nasi twamwona kabisa si mfalme. Hazina italipiaje uongo kila mwezi?"

Sultani akapendezwa na neno hilo. "Ewe Msabaha, niletee mchezo usio na uongo hata chembe. Wachezaji wawe ndio wenyewe, na maneno yawe yao. Ukiweza, fungu utapata. Ukishindwa, usinitajie tena habari za vijana wako."

"Nimesikia na nimetii, Maulana. Naomba tu ruhusa ya kuutumia ukumbi huu."

"Utumie."

Msabaha akarudi boharini. Akaipitia michezo yake yote, akaona hakuna usio na uongo. Hata ule wa maisha yake mwenyewe, alikuwa amejifanya mrefu. Basi akaacha kuandika, akaanza kushona.

Siku ya baraza ikafika, na shauri la siku hiyo lilikuwa ombi lake. Vijana wakatundika tanga kuukuu la jahazi, lile alilolishona Msabaha, mbele ya milango mipana ya ukumbi, iliyotazama uwanja, na wazee wa baraza wakashukuru, wakidhani ni la kuzuia jua. Nje watu wakajaa mikekani, kimya. Mjadala ulipokolea, Mwanakheri akavuta kamba, tanga likaanguka, na waliokuwa ndani, kwa jinsi walivyozama katika shauri, hawakuona.

"Kwanza tujue kijana ni nani," alikuwa akisema Waziri Maulidi.

"Mimi mbona bado kijana!" akasema Mtunza Hazina, ndevu zake nyeupe zikimfika kitovuni.

"Basi iundwe kamati."

"Kamati ikae na njaa?"

"Ipewe halua na kahawa, kwa gharama ya hazina."

"Imepita!" wakaitika wote, na hilo ndilo neno la kwanza walilokubaliana tangu asubuhi.

"Na lile ombi?"

"Ombi lipi?"

Uwanja ukaangua kicheko. Mama mmoja muuza vitumbua akapaza sauti, "Rudieni hapo kwenye halua, baba zangu!"

Wazee wakageuka, wakaona mji mzima unawatazama. Sultani, aliyekuwa akisinzia, akazinduka. "Msabaha! Ni nini hiki?"

"Ni mchezo ulioniamuru, Maulana. Wachezaji ndio wenyewe, na mimi sikuwatilia neno mdomoni. Tena yaniuma kusema, ndio mchezo bora niliopata kuuonyesha maishani."

"Akatwe ulimi!" akafoka Waziri Maulidi.

"Ngoja," akasema Sultani. "Mbona wachezaji hawa wamestarehe hivi jukwaani?"

"Maulana, wao hulipwa kila mwezi, wapendeze wasipendeze. Nikadhani labda hiyo ndiyo dawa yenyewe."

Kisha Sultani akauliza polepole, "Na mimi je? Sehemu yangu niliichezaje?"

"Ulilala, Maulana. Lakini ulilala kwelikweli. Mimi sina mchezaji awezaye kukoroma hivyo."

Sultani akacheka hata kilemba kikamwendea upande, akasema, "Miaka yote hii nalipia kiingilio cha usingizi!" Akaamuru fungu la vijana litoke hazina siku ileile linapotoka la baraza, la vijana likichelewa, na la wazee lisubiri.

Tangu hapo kila mwandamo wa mwezi Mtunza Hazina alionekana akikimbilia bohari la chokaa, kanzu kaikunja magotini, fungu la vijana mkononi, asije akalala njaa yeye. Mwenye bohari akatafutia mbata zake mahali pengine.

Naye Msabaha, kwa kuwa sasa alikuwa ameshiba, akatunga mchezo mkubwa kuliko yote aliyowahi kuitunga. Mji mzima ukaja, ukatazama kwa adabu hadi mwisho, hakuna aliyekumbuka chungu. Yule muuza vitumbua akamfuata nyuma ya pazia, akamshika mkono.

"Mzuri, mwanangu, mzuri sana," akasema. "Ila wale wazee watacheza tena lini?"